Mfuko wa Nyongo Ukishaondolewa, Nani Anamfuatilia Mgonjwa?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa Kamati za Afya na Diakonia za sharika na wawakilishi wa mashirika rafiki. Tunaichapisha kama ilivyotolewa, isipokuwa salamu za mwanzo tumeziondoa.





Awali ya yote namshukuru Mungu aliyetufikisha hapa salama pamoja na mvua hizi na barabara zetu. Nawashukuru pia waandaaji kwa kunipa nafasi. Asubuhi, wakati wa chai, mjumbe mmoja alisoma ratiba akanifuata akaniuliza: "Mama Mratibu, tuna pampu za maji zimekufa, tuna yatima wa kulipiwa ada, na wewe unatuletea habari za nyongo?" Swali lake ni la haki. Namwomba avumilie kidogo, maana jibu langu linagusa fedha ambazo yeye mwenyewe anazikusanya kila Jumapili ya sadaka ya diakonia.

Naomba pia radhi kwamba mada yangu ina mifuko miwili, mfuko wa nyongo na Mfuko wa Matibabu wa Dayosisi. Ili tusichanganyikiwe, huu wa pili leo nitauita Fungu la Matibabu.

Kila aliyewahi kusimama karibu na mchinjaji anaujua mfuko wa nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichojibana chini ya ini, ambacho mchinjaji mzoefu hukitoa kwa uangalifu, maana kikipasuka nyama inakuwa chungu na mwenye shughuli anakosa raha. Ndiyo maana jambo likiharibika tunasema limeingia nyongo. Kwa mbuzi kifuko hicho ni cha kutupa. Kwa binadamu habari ni ndefu zaidi, na mimi si daktari, shahada yangu ni ya maendeleo ya jamii, kwa hiyo nitaieleza kwa lugha niliyoelezwa nayo hadi nikaelewa.

Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Mfuko wenyewe ni mdogo, unachukua mililita 30 hadi 50, sawa na vijiko vikubwa viwili au vitatu. Kazi yake ni kuitunza nyongo wakati hatuli na kuipunguza maji ili iwe nzito. Tukila chakula chenye mafuta, utumbo mwembamba hutoa homoni inayopita kwenye damu na kuuamuru mfuko ujikamue. Nyongo inashuka na kuyavunjavunja mafuta, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria. Kisha mwili, ambao ni mhazini mwangalifu kuliko wengi ninaofanya nao kazi, hukusanya mali yake: takriban asilimia 95 ya chumvi za nyongo hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini zitumike upya. Mzunguko huo hufanyika mara kadhaa kila siku.

Vijiwe hutokea pale nyongo inapobeba lehemu nyingi, hiyo wengi tunayoiita kolesteroli, kuliko inavyoweza kuyeyusha, au mfuko unapokuwa mvivu wa kujikamua. Chembe ndogo huganda, zinakua, na siku moja kijiwe kimoja kinaziba njia. Mwenye kupata maumivu hayo hahitaji kuelezwa. Yanashika upande wa kulia chini ya mbavu au katikati ya tumbo la juu, mara nyingi usiku baada ya mlo mzito, na yanaweza kupanda hadi begani. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Ujauzito, umri, unene na kisukari huongeza uwezekano, na hata kupungua uzito kwa haraka mno. Watoto wetu wenye selimundu hupata vijiwe vya aina nyingine, vinavyotokana na kuvunjika kwa chembe za damu. Hao wana mazungumzo yao na madaktari wao, na siwaingizi katika hoja ya leo.

Wazee watasema ugonjwa huu hawakuusikia zamani, na hawakosei sana. Dk. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, na Dk. Hugh Trowell, aliyetumikia Kenya na Uganda kisha akaja kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, waliandika katika miaka ya 1970 kwamba vijiwe vya nyongo, pamoja na kisukari na unene, vilikuwa nadra vijijini Afrika, na wakavihusisha na chakula kilichokobolewa na kupoteza makapi yake. Mtu anaweza kubishana nao kidogo, maana katika miaka yao ya kazi huku hapakuwa na utrasaundi wa kumulika kila tumbo. Lakini tazameni tulipofika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 nchini Tanzania uliona kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wazima, na shinikizo la damu kwa takriban robo yao. Sembe imetoka mjini ikafika kwetu, soda imefika, mafuta ya kukaangia yanauzwa kwa kipimo cha kijiko hadi kwenye genge la mwisho la kijiji. Vijiwe vimekuja na msafara huohuo.

Wageni wetu kutoka Ujerumani watafurahi kusikia kwamba upasuaji huu una asili ya kwao, na karibu na kwetu pia kwa njia ya imani. Wamisionari wa Berlin walifika nyanda hizi za kusini mwaka 1891. Miaka tisa kabla, tarehe 15 Julai 1882, katika mji huohuo wa Berlin, Dk. Carl Langenbuch aliondoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Alifanya hivyo katika hospitali ya Lazarus, iliyokuwa ikihudumiwa na masista wa diakonia wa Kiinjili. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka miaka 16, amekonda, na amekuwa mtumwa wa morfini kwa sababu ya maumivu. Siku iliyofuata upasuaji alikutwa anavuta sigara, wazee wa kanisa mnisamehe, na wiki kadhaa baadaye alitoka hospitalini bila maumivu na uzito umeongezeka. Mwaka 1985 ni Mjerumani mwingine, Dk. Erich Mühe wa Böblingen, aliyeuondoa kwa kupitia matundu madogo badala ya kupasua tumbo wazi, njia ambayo sasa inapatikana katika hospitali zetu kubwa.

Angalieni taarifa ya yule mgonjwa wa kwanza inaishia wapi. Inaishia mlangoni. Ametoka, hana maumivu, ameongezeka uzito, tumshukuru Mungu. Mimi nimeandika taarifa za namna hiyo kwa miaka mingi. Ukifungua ripoti zetu za robo mwaka utaona safu ya "waliofanyiwa upasuaji" na safu ya "waliopona". Huwezi kuona safu ya "miaka mitano baadaye", kwa sababu hakuna mfadhili aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Nililetwa kwenye mada hii na tumbo langu mwenyewe. Niliondolewa mfuko wa nyongo mwaka 2014, baada ya miaka miwili ya kukimbia chapati, maparachichi na kila kitu kilichopita kwenye mafuta. Upasuaji ulikwenda vizuri sana. Nilipotoka nilipewa karatasi yenye mistari minne: nisinyanyue vitu vizito, nitunze kidonda, nirudi kutoa nyuzi, nikipata homa nije mara moja. Hospitali siitaji wala siilaumu, ilifanya kazi iliyolipwa kuifanya. Nilirudi nyumbani nikafanya amani na chapati.

Mwaka 2021 ofisi yangu iliandaa siku ya kupima afya katika usharika mmoja. Akina mama walikuwa wanasita, nikaona niwatie moyo, nikanyosha kidole changu kwanza. Muuguzi akaangalia kile kipimo, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, turudie kesho kabla hujala." Tulirudia. Sukari ilikuwa juu. Utrasaundi ikaonyesha ini lenye mafuta. Uzito wangu ulikuwa umepanda kilo 11 tangu siku ya upasuaji, na katika miaka saba hiyo hakuna mtu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyekuwa ameuandika mahali popote.

Je, ni upasuaji uliosababisha? Hapa nawaomba tuwe waangalifu, kwa sababu nimewahi kusikia mtu akitoka kwenye mazungumzo kama haya na kwenda kumwambia jirani yake kwamba upasuaji wa nyongo unaleta kisukari. Sikusema hivyo.

Kinachojulikana ni hiki. Mfuko ukiondolewa, ini halikomi kutengeneza nyongo. Inakosa mahali pa kungojea tu, kwa hiyo inatiririka utumboni kidogokidogo, hata saa za usiku ambapo hakuna chakula cha kusaga. Kuna wanyama walioumbwa bila mfuko huo kabisa, kama tembo na pundamilia, na hawapungukiwi na kitu. Lakini hao wanakula mchana kutwa, na nyongo ya kudondoka polepole inawatosha. Sisi tunakula kwa vipindi, na wengine wetu kipindi ni kimoja kikubwa usiku. Hata hivyo walio wengi husaga chakula vizuri tu bila mfuko. Kwa muda mrefu wataalamu waliona hapo ndipo habari inapoishia.

Mwaka 1999 mambo yaliongezeka. Makundi matatu ya watafiti yalionyesha kwamba ndani ya chembe za ini na utumbo kuna kipokezi kinachoitikia chumvi za nyongo. Maana yake ni kwamba nyongo haiyeyushi mafuta peke yake, pia inabeba ujumbe. Inapofika utumboni baada ya mlo, inaliarifu ini kwamba chakula kimeingia, sasa panga upya namna ya kutengeneza sukari na mafuta. Mimi naifananisha na kengele ya kanisa. Ikipigwa kwa wakati, kijiji kizima kinajua ni saa ya ibada. Ikilialia mchana na usiku, haiwi kengele tena, na kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Watafiti wa Chile, nchi yenye vijiwe vya nyongo kwa wingi kuliko nchi nyingi duniani, waliondoa mifuko ya nyongo ya panya wa maabara na kuona mafuta yakiongezeka kwenye ini. Hayo yalichapishwa mwaka 2011. Panya si mtu, lakini mwaka 2013 Ruhl na Everhart wa Marekani walichapisha kitu kinachotuhusu zaidi. Walichukua picha za utrasaundi za uchunguzi mkubwa wa kitaifa uliofanyika kati ya 1988 na 1994, za watu zaidi ya 12,000, wakazisoma upya kutafuta ini lenye mafuta. Waliokwisha kuondolewa mfuko wa nyongo walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa na mafuta kwenye ini, hata baada ya hesabu kuzingatia umri, unene na mengine. Sehemu iliyonifanya nisome mara mbili ni hii: waliokuwa na vijiwe lakini bado wana mfuko wao, kwao uhusiano huo haukuonekana.

Hilo bado si ushahidi wa mwisho. Anayeondolewa mfuko mara nyingi ni yule ambaye tayari ana uzito mkubwa, tayari sukari yake inayumba, na baada ya maumivu kuisha anakula alivyotaka. Hakuna kipimo cha kutenganisha hayo ndani ya mtu mmoja. Daktari wangu aliniambia, na nakubaliana naye, kwamba mwili uliotengeneza vijiwe ndio uleule unaoelekea kutengeneza kisukari, presha na ini la mafuta. Kijiwe kilikuwa barua ya kwanza. Tukaitoa barua, tukaacha kuisoma. Mwaka 2023 vyama vya kitaalamu vya magonjwa ya ini vilibadilisha hata jina la ugonjwa wa ini lenye mafuta, ili jina lenyewe litaje umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula. Ini hilo haliumi. Kwa baadhi ya watu, baada ya miaka mingi, hujaa makovu na kushindwa kazi, na huko pesa za Fungu letu hazifiki.

Sasa nije upande wa pili, ambao baadhi yenu hamtaupenda. Si kila mwenye vijiwe anapaswa kuondolewa mfuko. Siku hizi utrasaundi imeenea, mtu anakwenda kupimwa figo au mimba, anaambiwa ana kijiwe, na jioni hiyohiyo Mwinjilisti ananipigia simu kuomba fedha za upasuaji. Wengi wenye vijiwe visivyouma huishi navyo maisha yao yote bila taabu, na kwa kawaida madaktari hawashauri kuwapasua. Chile wameamua tofauti kwa watu wa miaka 35 hadi 49, kwa sababu saratani ya mfuko wa nyongo ni tatizo kubwa kwao, nao wana hesabu zao. Na hata mwenye maumivu, si kila maumivu ni ya kijiwe. Uholanzi walifuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 katika hospitali 24 na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Mwaka mmoja baadaye, kwa waliochujwa kwa makini na kwa waliopelekwa upasuaji kwa utaratibu wa kawaida, takriban watu 4 kati ya 10 bado walikuwa na maumivu ya tumbo. Huenda walikuwa na vidonda vya tumbo, huenda ni utumbo wenyewe. Mfuko umeondoka, maumivu yamebaki, na fedha zimekwisha.

Lakini pale daktari anaposema ni kijiwe na kinahitaji kutoka, tusiwe sisi wa kumchelewesha mtu kwa maneno. Maumivu yasiyoachia kwa saa kadhaa, homa yenye kutetemeka, macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi: mtu huyo aende hospitali usiku huohuo, hata kama ni kwa pikipiki, na kamati itaulizana maswali asubuhi. Kongosho likiwaka au njia ya nyongo ikiingia usaha watu hufa.

Na lile kopo la mafuta ya zeituni na ndimu wanalouziwa watu ili "kutoa mawe" bila upasuaji, naomba tulizungumze kwenye ibada za nyumba kwa nyumba. Ni kweli mtu akinywa anatoa vidonge vya kijani chooni, na anashangilia. Mwaka 2005 madaktari wawili wa New Zealand walivipeleka vidonge vya namna hiyo maabara na kuandika katika jarida la Lancet kwamba havikuwa vijiwe vya nyongo, bali sabuni iliyotengenezwa tumboni kutokana na yale mafuta na ile ndimu. Mama mmoja wa usharika wetu aliviweka kwenye chupa, akaileta kanisani kama ushuhuda. Miezi mitatu baadaye alilazwa akiwa wa manjano.

Mtu akishaondolewa mfuko, ni nini cha kufanya? Baadhi huharisha kwa wiki au miezi, hasa baada ya kula, kwa sababu chumvi za nyongo zinafika nyingi kwenye utumbo mpana. Wengi hupona wenyewe. Wasiopona wasikae kimya kwa aibu, kuna dawa, daktari aulizwe. Kuhusu chakula sina maajabu. Kula kidogo mara tatu au nne badala ya kushinda njaa na kumaliza yote saa tatu usiku. Dona badala ya sembe, maharage, mboga za majani ambazo huku kwetu zinaota hata mlangoni. Mafuta yapungue lakini yasikatwe yote. Sukari kwenye chai ipungue kweli. Kitimoto sikikatazi, maana nisingetoka salama katika ukumbi huu, ila kisiwe cha kila jioni na chipsi kando. Na kutembea. Mimi nimepunguza kilo saba kati ya zile 11 kwa miaka mitatu, polepole, na sukari yangu imeshuka ingawa bado namwona daktari kila baada ya miezi sita.

Hapa niongeze jambo dogo kwa wachungaji na sisi watumishi wa ofisi. Tunakaribishwa kila nyumba. Kila nyumba kuna soda, maandazi na nyama, na kukataa ni kumvunja moyo mwenyeji. Nimejifunza kusema, "Mama, nipe uji wako na parachichi nusu, nitakuombea mara mbili." Wanacheka na wanaleta uji. Nawaambia kwa upendo, ukiangalia matumbo yaliyokaa safu hii ya mbele, mahubiri yangu yanawahusu.

Turudi kwenye fedha. Utaratibu wa Fungu la Matibabu unalipa nauli, kulazwa na upasuaji, kisha faili linafungwa. Ninachoomba ni faili lisifungwe. Mgonjwa wetu apewe kadi kabla ya upasuaji, iandikwe uzito, mzunguko wa kiuno, presha na sukari ya asubuhi kabla ya kula. Kadi hiyo ijazwe tena baada ya miezi sita, kisha kila mwaka kwa miaka mitano, katika zahanati iliyo karibu, na mhudumu wa afya wa usharika ndiye akumbushe. Kamati zetu zinajua nani hajalipa ahadi yake ya jengo tangu miaka mitatu iliyopita. Hazitashindwa kujua nani hajapimwa sukari. Akikutwa na tatizo apelekwe kliniki ya kisukari mapema, wakati bado ni suala la chakula na vidonge.

Hili linadai kutenga sehemu ya Fungu kwa ajili ya ufuatiliaji, na Mhazini wa Dayosisi amenieleza wazi pingamizi lake: kila shilingi ya ufuatiliaji ni shilingi isiyomlipia mtu aliye kwenye foleni ya upasuaji leo, akilia kwa maumivu. Yuko sahihi, na sitaki mtu amwone mgumu. Jibu langu ni kwamba sehemu ya fedha hiyo itapatikana kwa kutolipia tena upasuaji wa vijiwe visivyouma, isipokuwa daktari ameandika sababu. Sehemu iliyobaki naiomba kwenu marafiki wa mashirika. Najua ripoti yenye picha ya mama akitoka wodini akitabasamu inasomeka vizuri kuliko ripoti yenye jedwali la viuno. Nimeandika zote mbili, najua ipi inajibiwa barua. Nawaomba mpokee na hiyo ya pili, na mtuulize maswali juu yake, maana tusipoulizwa tutaacha kuijaza.

Kuna wajumbe wanaotaka jambo hili liende kwanza Halmashauri Kuu. Sina kipingamizi. Lakini wale ambao Fungu limekwisha kuwalipia wapo nyumbani kwao leo, na kuwapima hakuhitaji azimio. Majina yao nimeyapanga kwa usharika, kila bahasha imefungwa na imeandikwa jina la mwenyekiti wa kamati, kwa sababu ni habari za afya za watu na si za kusomwa kwenye matangazo. Bahasha ziko meza ya nyuma kwa katibu wangu, pamoja na kadi tupu za kuanzia. Kila mwenyekiti asaini anapochukua. Usharika usio na mashine ya kupimia sukari aniambie kabla ya chakula cha mchana, tuone nani jirani anaweza kuazima.

 Mwenyekiti, narudisha kipaza sauti.